Nilipigilia Mlango Ili Sakafu Ikauke

Mwenye kosa ni mimi. Naanza na neno hilo kwa sababu nikianza na jingine nitazungukazunguka kama nilivyozoea, na mwisho nitanyamaza.

Ndugu unayesoma, mimi ni kijana wa Mufindi. Nilisoma hadi darasa la nne tu, na mkono wangu ni mzito. Karatasi hizi za kupeleka gazetini nimezianza wiki tatu zilizopita. Lakini kuandika naweza. Kusema ndiko kunakonishinda tangu utoto. Mbele ya watu ulimi wangu huwa kama umeshonwa, na mbele ya mwanamke ndiyo kabisa, natazama vidole vya miguu yangu mpaka aondoke.

Watu husema kijana kuwa na haya ni tabia njema. Mama yangu alikuwa akinisifu kwa jirani zake. Lo! Laiti angejua!

Baba alinipeleka Mbeya nikajifunze useremala kwa mzee mmoja, nitamwita Fundi Lukasi. Kazi yake kubwa ni sakafu. Nyumba nyingi za zamani za Wajerumani, za misheni na za Wazungu wa mashamba, zina sakafu za mbao za mninga kutoka porini Chunya, na miaka imezila. Fundi Lukasi huzirudisha.

Kwanza unagongea chini misumari yote iliyoinuka. Kisha unakwangua nta kuukuu kwa bapa la chuma, halafu kwa kipande cha kioo, halafu unapiga msasa, umepiga magoti siku nzima. Mbao inarudi nyekundu kama siku ilipopasuliwa. Hapo unapaka mafuta ya kitani yaliyochemshwa, na yakikauka unapaka nta ya nyuki juu yake. Lakini kwetu huku kwenye baridi, mwezi wa saba, mafuta hayo hukauka kwa shida. Mtu akikanyaga mapema, unyayo wake unabaki humo, na mafuta yakishakauka dawa yake ni moja tu: kukwangua upya.

Kazi hiyo niliipenda. Sakafu haikuulizi neno.

Basi tukapata kazi katika nyumba ya mwalimu wa misheni moja upande wa Mbalizi. Wakubwa wa misheni walikuwa wanatazamiwa kuja, na sakafu ile ilikuwa imechakaa vibaya, mbele ya meko imekuwa na bonde kama sahani.

Mwalimu mwenyewe alikuwa Mnyakyusa wa milimani huko Tukuyu, mtu mpole. Mkewe nitamwita Subilaga, ingawa silo jina lake. Alikuwa mjamzito, miezi imekwisha. Mimba mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika, hiyo ilikuwa ya tatu. Kila mtu pale misheni alijua mwalimu anavyoisubiri. Alikuwa ameanza hata kuchonga kitanda kidogo, akinijia na vipande vya mbao kuniuliza, "Kijana, hii itafaa?" Nami naitika kwa kichwa.

Na ndani alikuwamo mzee, baba yake mwalimu. Aliletwa kutoka kijijini ili atibiwe miguu katika hospitali ya Mbeya. Hakuweza kutembea bila kushikwa. Asubuhi mwanawe alimkalisha sebuleni karibu na moto, na hapo alishinda hadi jioni.

Sasa lazima nieleze jambo moja, maana bila hilo hutanielewa. Kwa Wanyakyusa, mke wa mtu hakutani na baba mkwe wake. Hapiti alipo, hamtazami usoni, hamtaji jina. Si uadui. Ni heshima kubwa kupita zote. Kwa hiyo tangu mzee afike, Subilaga hakutia mguu sebuleni. Njia yake ilikuwa moja: kutoka chumbani kwake, kwenye korido, mpaka mlango wa nyuma, kisha jikoni uani. Chakula cha mzee alikipeleka mwalimu mwenyewe.

Mwalimu alizoea kumtania mkewe. Siku moja nikiwa nakwangua alisema kwa sauti, akiwa sebuleni, "Mama, njoo bwana! Baba haumi!"

Subilaga akajibu kutoka chumbani, "Najua haumi. Angekuwa anauma ningemkimbia tu. Huku ni kumheshimu."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Akamwambia mwanawe, "Umesikia? Huyu amekushinda wewe na vitabu vyako vyote."

Walipendana wale wawili, wala hawakuwahi kuonana uso. Niliyasikia hayo kwa masikio yangu. Kwa hiyo asije mtu akasema sikuijua desturi ile kwa kuwa mimi ni Mbena. Niliijua!

Sebule tuliimaliza vizuri. Tatizo lilianza kwenye korido. Niliipaka mafuta jioni, na alfajiri Subilaga akapita kwenda uani. Nyayo tisa, zimekaa kama mihuri!

Fundi Lukasi alipoziona aliweka mikono kiunoni. "Hii ni sakafu au josho la ng'ombe? Nani kapita hapa?"

"Shemeji," nikasema.

"Na wewe ulimwambia asipite?"

Nikaokota bapa langu.

"Hukumwambia! Yaani mtu yuko hapo, mlango na mlango, na wewe mdomo unao! Wewe siku ya kuposa utamwandikia binti barua, na mmekaa mkeka mmoja!"

Wenzangu wawili wa kazi wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nikatazama vidole vya miguu.

Kisha akaacha mzaha. "Sikiliza. Mimi na hawa tunakwenda Makongolosi, kuna kazi ya juma zima. Korido nakuachia peke yako. Ikwangue upya, uipake nusu nusu. Nikirudi nikaona unyayo, hata wa kuku, funga mzigo wako, rudi kwenu ukapasue magogo."

Wakaondoka. Nikakwangua siku mbili. Nusu ya mbele, kutoka sebuleni hadi mlango wa chumba cha Subilaga, nikaipaka kwanza, ikakauka. Ikabaki nusu ya nyuma, kutoka chumba chake hadi mlango wa nyuma. Njia yake hasa.

Asubuhi hiyo mwalimu kabla ya kwenda shule alinisimamisha uani. "Kijana, hali ya shemeji yako unaiona. Siku zenyewe ndizo hizi. Akikuita, tupa brashi, uje mbio shuleni. Umenisikia?"

"Nimesikia, mwalimu."

"Nakutegemea wewe."

Jamani, alisema hivyo! Nakutegemea wewe.

Nikaingia, nikapaka mafuta nikirudi kinyumenyume mpaka nikatokea mlango wa nyuma. Nikaufunga. Nikasimama pale nikifikiri. Nilipaswa kuzunguka chini ya dirisha lake niseme maneno matatu tu: shemeji, usipite nyuma. Nikaenda hadi dirishani. Nikainua mkono nigonge. Nikasikia anaimba taratibu wimbo wa kanisani, mkono ukashuka wenyewe.

Nikarudi. Nikachukua kipande cha mbao na misumari miwili mirefu, nikaupigilia mlango kwa nje.

Nikajisemea, ni mpaka alasiri tu, leo kuna jua na upepo, mafuta yatawahi kukauka. Nikajisemea, mwalimu atakuwa amemwambia. Moyo wa mwoga una maneno mengi sana, ila yote huishia ndani.

Nikawasha moto uani nikaanza kuyeyusha nta. Jua lilipopanda, dirisha likafunguka. Nyumba ile imejengwa juu ya nguzo za mawe kwa sababu ya mchwa, dirisha lake liko juu kuliko kichwa cha mtu. Subilaga akatazama chini.

"Fundi, nataka kupita nyuma."

"Mafuta hayajakauka, shemeji," nikasema nikikoroga nta. "Pita mbele. Mbele kumekauka."

Akageuza kichwa kutazama ndani. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mbele kuna mtu."

Nilielewa. Nilielewa mara moja ni mtu gani, na kwa nini hamtaji. Nilipaswa kuchukua nyundo, kung'oa ile mbao na kumfungulia. Au niende mbele nimshike mzee mkono nimtoe nje hadi barazani. Mambo mawili mepesi! Badala yake niliona nyayo kwenye mafuta, nikasikia wale wenzangu wakicheka.

Nikasema, "Alasiri patakuwa tayari."

"Haya," akasema. Uso wake ulikuwa umebadilika, naukumbuka hadi leo. Hakuniambia kwamba uchungu umeanza. Angeniambiaje? Mimi kijana wa kiume, si ndugu yake, na yeye ana haya kama mimi. Alisubiri nimuulize. Sikumuuliza.

Ndipo nikafanya lile baya kuliko yote. Nilitoa sufuria yangu ya nta motoni, nikachukua na vijinga, nikahamia nyuma ya ghala la mahindi. Kwa nini? Ili asiniite tena! Niliogopa akinisemesha mara ya pili nitashindwa la kujibu. Mtu niliyewekwa pale ili niitwe, nikaenda mahali ambapo sauti haifiki.

Nilikaa huko. Upepo ulikuwa unavuma kutoka mlimani. Sikusikia kitu. Nta iliyeyuka, nikaichuja, nikaiyeyusha tena bila sababu.

Nilichosikia mwisho ni debe. Mtu anapiga debe kwa nguvu upande wa mbele wa nyumba, na mzee anapaza sauti kwa Kinyakyusa. Nikakimbia.

Mzee alikuwa barazani, chini, kifudifudi. Alikuwa ametambaa kutoka kwenye moto, amepita mlango mkubwa, ametoka nje kwenye baridi ile, blanketi limebaki kizingitini. Magoti yake yalikuwa yanatoka damu. Alishika mkongojo wake anapiga debe la maji.

Aliponiona akasema Kiswahili chake cha shida, "Mwambie apite! Mimi nimetoka. Mwambie njia nyeupe, mimi nimetoka!"

Alikuwa amemsikia akilia kule ndani. Hakuweza kumwendea, kwa kuwa ni mke wa mwanawe. Alichoweza ni kujiondoa njiani, na alijiondoa kwa magoti. Lakini Subilaga angejuaje? Yuko chumbani kwake, milango imefungwa katikati yao.

Nikazunguka nyuma mbio. Nikamkuta chini ya dirisha, juu ya mawe ya msingi, amelala ubavu, kanga imelowa. Alikuwa ametoka kupitia dirishani. Alinitazama akasema, "Mwite mwalimu."

Ndugu msomaji, soma hili polepole. Sikukimbia kumwita mwalimu. Nilikimbia kwanza kung'oa misumari.

Ndiyo! Mwanamke amelala pale, na mimi nilishika nyundo nikang'oa ile mbao, nikaitupa motoni nyuma ya ghala. Nikafungua mlango. Ndani, juu ya mafuta, nikaona nyayo zake. Zimekwenda mpaka mlangoni, zimekanyagana pale aliposukuma, kisha zimerudi chumbani. Alijali kazi yangu mpaka aliposhindwa kabisa. Mafuta yalikuwa bado mabichi, nikavua shati nikazifuta. Matundu ya misumari nikayaziba kwa nta iliyochanganywa na unga wa mbao, kama nilivyofundishwa. Kisha ndipo nikakimbia shuleni.

Ilichukua muda gani sijui. Nimejaribu kupima mara nyingi, nikitembea na kuhesabu. Kila mara ni mrefu.

Gari la misheni lilimpeleka Mbeya hospitali. Alipona yeye. Mtoto alizaliwa wa kiume, hakulia. Na daktari alimwambia mwalimu kwamba mkewe asitarajie mwingine.

Mwalimu aliporudi nyumbani alisimama kwenye korido akauliza, bila hasira, "Kwa nini hakupita nyuma?"

Ilikuwa nafasi yangu. Mungu aliniwekea mezani. Nikasema, "Mlango ulikaza, mwalimu. Mbao zilivimba kwa mafuta."

Akaamini. Mimi ndiye fundi, nani atanibishia habari za mbao?

Na Subilaga naye huko hospitali alisema hivyo hivyo, kwamba mlango ulikataa. Basi watu wakatafuta wa kumlaumu wakampata yeye. "Si angepita mbele tu!" walisema wake za walimu. "Mkristo mzima, anaua mtoto kwa mambo ya mababu!" Mwalimu mwenyewe, yule mpole, alilirudia neno hilo siku moja mbele yake. Sikuwapo, lakini nilisimuliwa. Baada ya siku hiyo Subilaga alirudi kwao, na mwalimu alipomfuata, alikataa kurudi katika nyumba ile.

Mzee naye alijihukumu. Alipokuwa anapandishwa lorini kurudishwa kijijini, na matibabu hayajakwisha, nilimshikia mkongojo. Akaniambia, "Mwanangu, mimi nilimziba mjukuu wangu njia. Nilikuja kuponya miguu ya kizee, nikamziba njia."

Nilimkabidhi mkongojo wake.

Fundi Lukasi alirudi akaitazama korido, akalala kifudifudi kuiangalia kwa mwanga wa mlangoni. Akasema, "Sasa umekuwa fundi." Akanisifu kwa watu. Nimepewa kazi nyingi tangu hapo, Mbeya na hata Iringa. Kila sakafu nikiimaliza, wenye nyumba hufurahi. Mimi usingizi hauji.

Mwaka uliofuata nilisema potelea mbali, nitakwenda kwa mzee nimweleze ukweli, nimtoe mzigo ule kabla hajafa. Nilipanda lori hadi Tukuyu, nikashuka nikatembea kwa miguu asubuhi nzima. Njiani nilikuwa nayarudia maneno kwa sauti: mlango niliupigilia mimi, mlango niliupigilia mimi. Migomba ndiyo ilikuwa inanisikiliza. Nilifurahi kuona kwamba naweza!

Nilipokaribia nikasikia ngoma ya msiba.

Mzee alikuwa amefariki siku moja kabla. Alikufa na neno lile moyoni, na hakuna posta inayofika alikokwenda.

Subilaga alikuwapo. Alikuja kumlilia mkwe wake. Alikaa nje na wanawake, mbali na nyumba, kanga imefunika uso. Hata alipokuwa maiti hakuingia alipo. Aliponitambua alinyanyuka, akaja akapiga goti kidogo kama wafanyavyo kwao.

"Ndaga, fundi, kwa kuja. Umetoka mbali."

Nikaitika kwa kichwa.

"Sikukushukuru siku ile," akasema. "Ulikimbia mpaka shuleni kwa ajili yangu. Na uliniambia nipite mbele. Ulinishauri vizuri, mimi ndiye sikusikia."

Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Nilikuwa nimeyabeba toka Mbeya! Watu walikuwa wachache pale, ngoma ilikuwa imenyamaza. Alisimama akinitazama kama mtu anayengoja jibu.

Nikasema, "Pole, shemeji."

Akarudi kukaa na wanawake. Nami nikarudi barabarani.

Ndiyo hayo. Sina la kuongeza ambalo litamfaa yeye. Nimeambiwa mwalimu naye amehamishwa mbali, na kwamba amekuwa mtu mkali kwa watoto wa shule.

Wewe kijana uliyesifiwa kwa ukimya, unisikie. Usiyafurahie mno maneno ya watu wanaokusifu. Ukimwona mtu anashindwa kusema haja yake, muulize wewe, hata kama sauti inakutetemeka, hata kama watakucheka. Kucheka kwao huisha kabla ya jioni. Na ukiwa umekosa, sema siku hiyo hiyo, kwa kuwa kesho kosa lako litakuwa limepata mwenyewe mwingine, na huyo atalibeba akidhani ni lake.

Mimi nimeshachelewa. Najua gazeti hili halifiki kijijini kwa akina Subilaga, na ndiyo sababu nimethubutu kuandika. Umeona? Hata hapa bado natafuta mahali ambapo yeye hawezi kunisikia.